Kupenda Mti Hakutoshi

Mzazi anapomwona mtoto wake akirudi jioni na matope magotini, mifuko ya kaptura imejaa mbegu na mawe, aghalabu humwuliza, "Mwanangu, mambo haya yatakulisha?" Swali hilo huulizwa katika nyumba nyingi za Nakuru, Njoro, Molo na Gilgil, wala si swali la upuuzi. Karo ya shule ni nzito, na mzazi aliyeuza ndama ili ailipe hutumaini ya kuwa siku moja mtoto wake atakaa mezani na kalamu mkononi, mbali na jembe. Kwa hiyo mtoto apendaye kuzunguka msituni, au kuchutama ukingoni mwa mto akitazama viluwiluwi, huonekana mtoro. Tena wako wanaomwambia wazi ya kuwa elimu ni ngazi ya kutokea shambani, na ya kuwa aliyekwisha kuipanda asitazame chini tena.

Lakini katika shamba moja huko huko Nakuru aliishi kwa miaka michache mtoto wa kike ambaye maisha yake ni jibu la swali hilo. Jibu lenyewe si jepesi, maana mapenzi yake ya mashamba na mito hayakumpa kazi upesi, wala hayakuuokoa mti alioupenda kuliko yote. Mtoto huyo ni Wangari Muta, ambaye baadaye dunia ilimjua kwa jina la Profesa Wangari Maathai.

UDONGO MWEMA USIO NA SHULE

Wangari alizaliwa tarehe 1 Aprili, 1940, katika kijiji cha Ihithe, wilaya ya Nyeri, katika miteremko ya milima ya Nyandarua. Yapata mwaka wa 1943 mama yake alimchukua wakaenda kukaa karibu na Nakuru, ambako baba yake alikuwa dereva na fundi wa motokaa katika shamba la mzungu. Wakati huo jamaa nyingi za Kiafrika ziliishi katika mashamba ya namna hiyo wakiitwa maskwota. Walipewa kipande cha ardhi walime chakula chao, nao walimfanyia kazi mwenye shamba. Udongo waliulima na kuujua kwa mikono yao, lakini haukuwa wao.

Nchi ile ya Nakuru ni nchi ya kumfungua mtoto macho. Upande wa kaskazini umesimama mlima Menengai na shimo lake kubwa la volkeno. Upande wa kusini liko ziwa la magadi, ambalo miaka mingine hufunikwa na ndege waitwao heroe hata ufuko wote ukaonekana mwekundu kama uliotandikwa kitambaa. Magharibi ni nyanda za juu za Mau, na kutoka huko huteremka mito ya Njoro, Makalia na Nderit, ambayo yote huishia ziwani. Katikati ya hayo yote ni mashamba ya ngano, mahindi na pareto, na ng'ombe wa maziwa.

Neema ya udongo ilikuwako, lakini katika shamba lile shule haikuwako. Mwishoni mwa mwaka wa 1947 mama alirudi Ihithe pamoja na watoto, ili wana waweze kusoma. Hata huko haikuwa dhahiri ya kuwa binti naye atakwenda shule, maana wazazi wengi waliona ya kuwa msichana hufunzwa ya kutosha jikoni na shambani. Ndugu yake mkubwa, Nderitu, ndiye aliyemwuliza mama sababu gani Wangari haendi shule kama wao. Mama alifikiri, akaona ya kuwa hapana sababu. Ndivyo mlango ulivyofunguliwa, kwa swali la kijana mmoja na kwa jibu la mama ambaye mwenyewe hakupata kusoma. Kama Nderitu angalinyamaza, pengine mambo yote yanayofuata yasingalikuwako.

MTI USIOCHANJWA KUNI

Kazi ya mtoto wa kike katika Ihithe ilikuwa kuteka maji, kuokota kuni na kusaidia shambani. Mama alimkatia Wangari kibustani kidogo katikati ya shamba lake, apande mwenyewe. Mtoto alipanda mbegu, lakini hakuweza kungoja. Kila mara aliifukua mbegu aone kama imeanza kuota. Mama akamfunza ya kuwa mbegu iliyokwisha kufukiwa haiguswi, na wakati wake ukifika itatoka yenyewe.

Karibu na nyumbani ulikuwako mti mkubwa wa mugumo, na karibu na mti ule kijito cha maji maangavu. Mtoto alipotumwa kuokota kuni aliambiwa asichukue hata kijiti kimoja kilichoanguka kutoka katika mugumo, kwa sababu ni mti wa Mungu. Haukatwi, wala hauchomwi. Hakuuliza sana. Aliokota kuni penginepo, kisha akateremka kijitoni kunywa maji kwa jani la gimbi. Humo majini aliona mayai ya vyura, yamekaa kama ushanga mweusi na mweupe, akatamani kuyavaa shingoni. Lakini kila alipotia mikono ayatwae yaliteleza na kukatika. Baada ya siku kadhaa mayai yakatoweka, na mahali pao pakajaa viluwiluwi wenye mikia, na baada yao vyura. Mtoto hakujua ya kuwa hilo lilikuwa somo la kwanza la sayansi maishani mwake, nalo lilifundishwa bila ubao wala chaki.

Hapo yafaa kusimama kidogo. Wazee wa Kikuyu walikuwa na sheria juu ya mugumo, na sheria ile ililindwa kwa heshima ya dini yao. Hawakuandika sababu yake katika kitabu. Miaka mingi baadaye, Wangari alipokwisha kuwa mtu wa elimu, ndipo alipoieleza sababu kwa lugha ya sayansi. Mizizi ya mugumo huenda chini sana, ikapasua mwamba, ikafika penye maji yaliyo ardhini, na maji yakapata njia ya kupanda juu hata yakatokeza kama chemchemi. Tena mizizi hiyo huushika udongo wa mteremko usiporomoke. Basi mti na kijito havikuwa majirani kwa bahati tu, maana kijito kilikuwa mtoto wa mti.

VITABU NA SAFARI

Alipokuwa na umri wa miaka kumi na mmoja Wangari alipelekwa shule ya bweni ya Mtakatifu Cecilia, katika misheni ya Mathari, Nyeri. Mwaka wa 1956 alimaliza akiwa wa kwanza katika darasa lake, akaingia shule ya wasichana ya Loreto, Limuru, ambako alikaa mpaka mwaka wa 1959. Likizo zilipofika alikwenda pia Nakuru kumwamkua baba yake. Masista waliomfundisha walimtia hamu ya sayansi, na yale aliyoyaona kijitoni akayakuta sasa yana majina na kanuni. Mtoto asiye na bahati ya kukutana na mwalimu wa namna hiyo huenda akadhani ya kuwa chura wa kitabuni na chura wa mtoni ni wanyama wawili mbalimbali.

Wakati huo msichana aliyemaliza shule ya juu alitazamiwa awe mwalimu au mwuguzi. Kazi hizo ni njema, wala hapana wa kuzidharau, lakini Wangari alitaka kuendelea kusoma. Mwezi wa Septemba, 1960, alikuwa mmoja wa vijana wa Kenya waliosafirishwa kwenda Marekani katika mpango uliohimizwa na Bwana Tom Mboya na kusaidiwa kwa fedha za jamaa ya Kennedy. Alipelekwa chuo cha Mount St. Scholastica katika mji wa Atchison, Kansas, akasoma elimu ya viumbe. Alipata shahada yake mwaka wa 1964, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Pittsburgh kwa shahada ya pili.

Mwanzoni mwa mwaka wa 1966 alirudi Kenya. Alikuwa na barua mkononi ya kumpa kazi ya utafiti wa wanyama. Alipofika akaambiwa kazi imekwisha kupewa mtu mwingine. Karani yeyote aliyepata kusimama mbele ya dirisha la ofisi na karatasi zake sawasawa, akaambiwa arudi nyumbani, anajua uchungu wa siku ile. Lakini Wangari hakuyatupa masomo yake kwa ajili ya hasira. Profesa Reinhold Hofmann, Mjerumani aliyekuwa akianzisha masomo ya maumbile ya viungo vya wanyama katika Chuo Kikuu cha Nairobi, alimchukua awe msaidizi wake. Alifanya kazi huko, akasoma pia Ujerumani, na mwaka wa 1971 akapata shahada ya udaktari, akiwa mwanamke wa kwanza wa Afrika ya Mashariki na ya Kati kuipata.

Hata hapo mtu aweza kusema, "Naam, amefika. Ngazi imemtoa shambani." Na kama hadithi ingalikoma hapo, ingalikuwa hadithi ya mtu mmoja aliyefanikiwa, yenye kuwafaa jamaa zake tu.

KUPE NA UDONGO

Mapema katika miaka ya 1970 Daktari Wangari alikuwa akichunguza ndigana kali, ugonjwa ambao kila mfugaji wa Bonde la Ufa anaujua kwa hasara. Huletwa na kupe wa masikio, na ng'ombe wa kigeni huuawa nao upesi. Kwa ajili ya uchunguzi huo alitoka mara kwa mara kwenda vijijini kukusanya kupe kutoka katika ng'ombe za watu. Alikuwa amekwenda kutazama kupe, lakini macho yaliyofunzwa utotoni hayakuweza kutazama kupe peke yake. Aliona ng'ombe waliokonda hata mbavu zikahesabika, kwa kuwa malisho hayako. Aliona mvua ikinyesha na mito ikigeuka rangi ya udongo, kwa kuwa miteremko imevuliwa miti. Aliona watu wamedhoofika katika nchi ambayo zamani ilikuwa na chakula tele.

Akajiuliza lililo kubwa ni lipi. Kupe huua ng'ombe, na dawa yake yaweza kutafutwa; lakini udongo unaochukuliwa na mto haurudi, na bila udongo hapana ng'ombe wa kutibiwa. Akaona ya kuwa adui mkubwa wa mfugaji hakuwa yule kupe aliyemtia katika chupa, bali uharibifu wa nchi alioukanyaga kila siku akienda kumtafuta.

Alipokwenda kwao Ihithe alikuta jambo lililomchoma zaidi. Ardhi yenye mugumo ilikuwa imepata mwenyewe mwingine, na mwenyewe huyo aliuona mti unachukua nafasi kubwa bure, akaukata apate kupanda chai. Kijito kilikuwa kimekauka. Majani ya magimbi hayakuwako, wala ushanga wa mayai ya vyura, wala vyura wenyewe.

Mtu yule aliyeukata mti hakuwa mwovu. Alikuwa mkulima kama wakulima wote, mwenye watoto wa kusomesha, na chai ilileta fedha. Sheria ya wazee alikuwa ameisikia, lakini watu wengi walikuwa wamekwisha kuihesabu kuwa mambo ya kale, na hapana mtu aliyemweleza kwa njia nyingine kazi ya mizizi ile. Wale waliojua kwa imani walikuwa wamenyamaza, na yule aliyeweza kujua kwa elimu alikuwa ng'ambo akisoma. Wangari aliupenda mti ule tangu utoto, lakini mapenzi yake hayakuweka hata shina moja mahali pake. Mti haujui kama unapendwa, na shoka halijui vilevile. Kinachoweza kulizuia shoka ni mtu aliyepo, mwenye maarifa, ambaye jirani zake wanamsikiliza kwa sababu amewafaa.

MICHE ILIYOKAUKA

Wakati huo Daktari Wangari alishiriki katika Baraza la Wanawake la Kenya. Katika mikutano aliwasikia wanawake wa vijijini wakieleza taabu zao. Kuni ziko mbali. Maji si safi. Watoto hawali chakula cha kuwajenga, kwa sababu mama asiye na kuni za kupikia maharagwe hununua vyakula vya kuiva upesi. Aliona ya kuwa taabu hizo zote zina shina moja, akasema, mbona tusipande miti?

Ni neno rahisi kusema. Miche yake ya kwanza, iliyotoka katika kitalu cha msitu wa Karura, ilikauka karibu yote kwa kukosa maji. Tarehe 5 Juni, 1977, alipanda pamoja na wenzake miti saba katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi, kwa ukumbusho wa watu mashuhuri saba wa makabila mbalimbali ya Kenya. Hiyo ndiyo siku ambayo Harakati ya Ukanda wa Kijani huhesabu kuwa mwanzo wake. Na katika ile saba mingi haikuishi. Msomaji mkulima hatacheka, maana anajua ya kuwa kupanda mti ni kazi ya saa moja, na kuutunza ni kazi ya miaka.

Alipotaka wanawake wa vijijini wapewe mafunzo ya miche, mabwana misitu walishangaa. Waliona ya kuwa upandaji wa miti ni kazi ya watu wenye vyeti, na mwanamke wa kijijini cheti hana. Hapo ndipo kukua kwake shambani kulipomfaa kuliko shahada zake tatu. Alikumbuka ya kuwa wanawake hawa ndio wapandao mahindi, maharagwe na viazi kila mwaka, na mbegu ni mbegu. Akawaambia watumie akili ile ile ya shambani. Waokote mbegu chini ya miti iliyo karibu nao, waziatike katika makopo na vyungu vilivyovunjika, wazitie maji, wazilinde na mbuzi. Wanawake wakafanya hivyo, na miche ikaota. Hatimaye wakaitwa mabwana misitu wasio na vyeti.

Palikuwa na utaratibu mwema katika kazi hiyo, ambao wakulima wa mahali popote waweza kuuiga. Kikundi hakikulipwa kwa kuatika miche, wala kwa kuigawa. Malipo, nayo yalikuwa kidogo sana, yalitolewa kwa kila mche uliothibitika kuwa hai baada ya kupandwa. Kwa hiyo hakuwako aliyepata faida kwa kupanda na kuuacha ufe. Tena watu walihimizwa kupanda mistari ya miti isiyopungua elfu moja, hata ikawa kama mshipi wa kijani kiunoni mwa mahali pao, na ndiyo asili ya jina la harakati. Mwaka wa 2004 ilipohesabiwa, miti iliyopandwa ilikuwa zaidi ya milioni thelathini.

KURUDI BONDE LA UFA

Kazi hiyo ilimletea fahari, ikamletea na mateso. Mwaka wa 1989 alipinga kujengwa kwa jumba la ghorofa sitini katika bustani ya Uhuru Park, na mwishoni mwa miaka ya 1990 alipinga kugawanywa kwa msitu wa Karura. Alipigwa, akatiwa kizuizini, akatukanwa hadharani. Mtu aliyeanza na viluwiluwi hakutazamia kufika huko, lakini aliyeanza kuulinda mti hawezi kuacha kumwuliza mwenye shoka ametumwa na nani.

Wakati wa mapigano ya makabila katika Bonde la Ufa, yaliyoanza mwaka wa 1991, Profesa Wangari alirudi katika nchi aliyoijua tangu utoto. Safari hii hakukuta mahindi, alikuta nyumba zilizochomwa na watu waliokimbia mashamba yao. Yeye na wenzake waliwatembelea waliofukuzwa, wakawahimiza watu wa pande zote mbili kuatika miche na kuipanda kuwa miti ya amani. Huenda msomaji akauliza, mche utamfaa nini mtu aliyechomewa ghala? Mche hauli moto uliopita. Lakini mtu hapandi mti mahali anapokusudia kuhama kesho, wala halindi kitalu pamoja na jirani anayekusudia kumwua. Kupanda ni kusema ya kuwa mimi na wewe tutakuwapo hapa miaka kumi ijayo.

Na Nakuru yenyewe inahitaji watu wa namna hiyo. Msitu wa Mau ni mkubwa kuliko misitu yote ya milimani ya Kenya, na maji yake huenda Ziwa Nakuru, Baringo, mto Mara na hata Ziwa Victoria. Mwaka wa 2001 Serikali ilitangaza kutoa sehemu kubwa za misitu, Mau ya Mashariki zikiwa ndani yake, na hata ilipofika mwaka wa 2009 kamati iliyochunguza habari hiyo ilieleza ya kuwa Mau imepoteza zaidi ya hekta 100,000. Mto Njoro, ambao wazee wanaukumbuka ukitiririka mwaka mzima, siku hizi hukauka kiangazi. Ziwa nalo limeonyesha mambo mawili yanayopingana. Katikati ya miaka ya 1990 lilikauka karibu lote, vumbi la magadi likapeperuka mpaka mjini. Tangu yapata mwaka wa 2010 limefurika, likameza barabara, ofisi na lango kuu la hifadhi. Wataalamu hutaja mvua nyingi za miaka hiyo, na hutaja pia maji yanayoshuka kwa kasi pamoja na udongo kutoka nyanda zisizo na miti ya kuyazuia. Mji ulioitwa jiji mwaka wa 2021 bado unategemea mizizi iliyo mbali nao, ambayo wakazi wengi hawajaiona.

KWA MWANAFUNZI NA MZAZI WAKE

Basi swali la mzazi lijibiweje? Je, mambo haya yatamlisha mtoto?

Yatamlisha ikiwa yatapita shuleni. Kupenda kutembea mashambani, peke yake, ni starehe tu. Mtoto apendaye ndege na asipende hesabu hatakuwa mtaalamu wa ndege. Apendaye ng'ombe na kuchoshwa na kitabu hatakuwa daktari wa mifugo. Na katika sehemu za Nakuru kazi za namna hiyo hazikosekani. Njoro kipo Chuo Kikuu cha Egerton, kilichoanza mwaka wa 1939 kama shule ya ukulima ya Wazungu na kuwa chuo kikuu mwaka wa 1987. Njoro pia kiko kituo cha uchunguzi wa ngano, ambako watu wenye elimu kubwa hushinda juani wakikagua mabua kutafuta ugonjwa wa kutu, ili mkulima wa Molo na wa Narok apate mbegu inayostahimili. Wako mabwana misitu wa Mau, wako walinzi na wachunguzi wa hifadhi ya ziwa, wako mabwana shamba. Hata aliye bado shuleni hakukosa mahali. Vilabu vya wanyamapori vya wanafunzi vilianzishwa Kenya mwaka wa 1968, na watoto wengi ambao hawakupata kumwona kifaru wamelala katika bweni la vilabu hivyo ndani ya Hifadhi ya Ziwa Nakuru, wakarudi kwao na habari za kusimulia.

Na yatawalisha wengine ikiwa hayataishia kwenye mshahara. Hili ndilo gumu zaidi. Wako vijana wengi waliosoma ukulima wasioweza kumwambia baba yao jinsi ya kukinga maji shambani, ama kwa kiburi chao, ama kwa kiburi cha baba. Profesa Wangari alikuwa na shahada kubwa, lakini miti mingi ilipandwa na wanawake ambao baadhi yao hawakujua kuandika majina yao, kwa sababu alianza kwa kuuliza wana shida gani, kabla ya kusema ana elimu gani.

Tarehe 8 Oktoba, 2004, alipopata habari ya kuwa ametunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata, alikuwa safarini kwenda Nyeri. Waandishi wa habari walimtafuta. Yeye aliomba jembe, akapiga magoti katika kiwanja cha hoteli kinachoelekea Mlima Kenya, akapanda mti wenye maua mekundu uitwao kwa jina la Wanandi. Alifariki dunia Nairobi tarehe 25 Septemba, 2011. Alikuwa amekataza asizikwe katika jeneza la mbao, kwa hiyo lake lilisukwa kwa mianzi, mafunjo na magugu maji. Hapana mti uliokatwa kwa ajili yake.

Mzazi wa Njoro au wa Bahati hana haja ya kungoja mtoto wake aende ng'ambo. Mvua za masika zikikaribia, amkatie kipande kidogo katikati ya shamba, kama mama wa Ihithe alivyofanya, ampe mbegu za maharagwe na mche mmoja wa mti wa kienyeji, na kiangazi kikiingia amkumbushe kuutia maji. Halafu amwulize habari zake kila jioni baada ya kutazama madaftari ya shule, yote mawili kwa pamoja. Mtoto akiifukua mbegu aone kama imeota, asimpige. Amwambie aifukie tena.